Tiba ya kufuata kidole kwa macho: Ubishi wake na faida zake

Ukiingia chumbani bila kuelezwa, utadhani ni mazingaombwe. Watu wawili wamekaa kwenye viti vilivyokaribiana. Mmoja ameinua vidole viwili na anavipeleka kushoto, kulia, kushoto, kulia, mbele ya uso wa mwenzake. Huyo wa pili hasemi kitu. Kichwa kimetulia, macho tu ndiyo yanayokimbizana na vidole. Baada ya nusu dakika hivi vidole vinashuka. "Vuta pumzi. Kimekujia nini?" anaulizwa. Anajibu kwa sentensi moja au mbili, kisha vidole vinapanda tena.

Tiba hiyo inajulikana duniani kwa herufi nne, EMDR. Anayefuata vidole huenda ni mwanamke aliyebakwa, askari aliyerudi kutoka vitani, au kijana aliyetolewa chini ya basi lililopinduka. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitaja katika mwongozo wake kuwa miongoni mwa tiba zinazopendekezwa kwa watu wazima na watoto wenye PTSD, yaani maradhi ya kiwewe yanayong'ang'ania muda mrefu baada ya tukio lenyewe kwisha. Hata hivyo, tangu izaliwe, wapo wanasayansi wanaouliza: vidole hivyo vina kazi gani hasa?

Swali hilo si la wasomi peke yao. Jibu lake linamhusu mtu wa Goma, Garissa au Kibiti anayetafuta msaada na kukuta wataalamu ni wachache, matangazo ni mengi na fedha ni za kubangaiza. Anahitaji kujua ni kitu gani kinachoponya.

Mwili usiojua kuwa yamepita

Wahenga walishasema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kushtuka huko kwa wiki chache si ugonjwa, ni akili inayojilinda. Kwa takwimu za WHO, watu wapatao asilimia 70 duniani hupitia angalau tukio moja la kutisha maishani, lakini ni asilimia 5.6 tu ya hao wanaopata PTSD. Wengine hupoa taratibu wakiwa na ndugu, majirani, ibada na shughuli zao.

Tabu huanza pale mshtuko unapokataa kuondoka. Tuseme dereva wa bodaboda aligongwa na lori na abiria wake akafa. Miezi minane imepita na mguu umeshaunga. Lakini kila asikiapo breki za lori, moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, harufu ya petroli na damu inamrudia puani. Usiku anaota ajali ileile. Alianza kwa kuikwepa barabara ile, halafu akaiacha pikipiki yenyewe, sasa analala kwa kulewa. Nyumbani anafoka ovyo, na mkewe hajui tena aanzie wapi kuzungumza naye. Ukimuuliza, atakwambia anajua fika kwamba ajali ilikwisha. Mwili wake ndio haujui.

Kumbukumbu za kawaida hufifia makali kadiri siku zinavyokwenda. Tunaukumbuka msiba wa miaka kumi iliyopita na huzuni yake, lakini hatuvai tena kilio cha siku ile. Kumbukumbu ya kiwewe hubaki mbichi. Picha, sauti na harufu hurudi bila kuitwa, na pamoja nazo hurudi hukumu ambayo mtu alijipa saa ileile: "Mimi ndiye niliyemuua", "Sina thamani tena", "Siko salama popote". Tiba ya kiwewe inayostahili jina hilo hushughulikia vyote viwili, picha na hukumu.

Matembezi ya mwaka 1987

Mwanzilishi wa EMDR ni Francine Shapiro, Mmarekani aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1948. Alikuwa akisomea shahada ya uzamivu katika fasihi ya Kiingereza alipogundulika kuwa na saratani. Ugonjwa huo ndio uliomgeuza kutoka fasihi kwenda saikolojia, akitaka kujua namna akili inavyouathiri mwili.

Kwa maelezo yake mwenyewe, siku moja mwaka 1987 alikuwa akitembea bustanini huko California, na mawazo yaliyokuwa yakimkera yakapungua nguvu. Akabaini kwamba wakati ule macho yake yalikuwa yakienda huku na huku kwa kasi. Akajaribu kwa makusudi, kisha akawajaribisha wengine. Mwaka 1989 alichapisha utafiti wake wa kwanza. Ulihusu watu 22, wakiwamo waliopigana vita ya Vietnam na waliofanyiwa ukatili wa kingono, na aliripoti kwamba maumivu ya kumbukumbu zao yalishuka sana baada ya kipindi kimoja tu.

Habari hiyo ilipata mashabiki haraka, na wapinzani haraka vilevile. Kipindi kimoja kimalize jinamizi la miaka 20? Wakosoaji walisema washiriki ni wachache, na kwamba aliyetibu ndiye aliyepima matokeo. Shapiro hakurudi nyuma. Aliongeza hatua, akapanga mafunzo, na alipofariki Juni 2019 tiba yake ilikuwa ikitolewa na maelfu ya wataalamu katika nchi nyingi. Umaarufu mtaani uliongezeka mwaka 2021, pale Mwanamfalme Harry wa Uingereza alipokubali kurekodiwa akifanyiwa tiba hiyo kwa ajili ya filamu ya televisheni, mikono yake ikiwa imepishana kifuani na akijigongagonga kwa zamu, kushoto na kulia.

Hatua nane

Wanaoijua EMDR kwa video fupi za simu hudhani ni kidole tu. Kidole huingia hatua ya nne, kati ya hatua nane.

Kwanza mtaalamu husikiliza historia ya mtu na kupima kama yuko tayari. Pili humwandaa kwa kumfundisha kupumua, kujituliza na kusimamisha zoezi wakati wowote anapozidiwa. Tatu wanachagua tukio moja. Dereva wetu wa bodaboda ataulizwa picha ipi ni mbaya kuliko zote. Labda ni tairi la lori. Anajihukumu vipi anapoitazama? "Nimeua mtu." Angependa kuamini nini badala yake? "Nilifanya nilichoweza." Maneno hayo mapya anayaona ya kweli kiasi gani, kuanzia 1 hadi 7? Picha inamuumiza kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10? Na maumivu hayo anayasikia wapi mwilini?

Ndipo vidole huinuka. Mtu hushika ile picha akilini huku macho yakifuata mwendo, mara 24 hivi kwa mkupuo mmoja, wakati mwingine zaidi. Halazimishwi kufikiri jambo lolote. Anaambiwa aache lije litakalokuja. Dereva anaweza kuanza na tairi, akarukia kelele za watu, akajikuta makaburini, kisha likamjia jambo ambalo hakuwa amelizingatia hata siku moja: lori ndilo lililohama upande wake wa barabara. Mkupuo baada ya mkupuo, alama ya 9 inaweza kushuka hadi 6, hadi 3, hadi 1.

Hatua ya tano ni kuyaimarisha yale maneno mapya. Ya sita ni kuupitia mwili kuanzia utosini hadi unyayoni kuona kama kuna mkazo uliobaki. Ya saba ni kufunga kipindi ili mtu aondoke akiwa ametulia, na ya nane ni kukagua, siku nyingine, kilichobadilika. Kipindi kwa kawaida huchukua dakika 60 hadi 90. Aliyepatwa na tukio moja ukubwani huweza kuhitaji vipindi vichache. Aliyedhulumiwa miaka mingi tangu utotoni ana safari ndefu zaidi.

Mambo mawili yafahamike. EMDR si kulazwa usingizi wa kiinimacho, kwa maana mtu yuko macho muda wote na anajitawala. Pia haifuti kumbukumbu. Abiria wa bodaboda atabaki marehemu na dereva ataendelea kumsikitikia. Kinacholengwa ni kumwondolea ile hali ya kuiishi ajali upya kila lori linapofunga breki.

Si lazima kusimulia yote

Hapa ndipo EMDR ina faida ambayo wasomaji wa kwetu wataielewa upesi. Katika tiba nyingine zilizothibitika, mgonjwa husimulia tukio kinaganaga, mara kwa mara, na hupewa kazi za kufanya nyumbani. WHO ilipoieleza EMDR katika mwongozo wa 2013 ilibainisha kwamba haihitaji maelezo ya kina ya tukio, haimbishii mgonjwa imani zake moja kwa moja, wala haina kazi za nyumbani.

Kwa binti aliyenajisiwa na ndugu wa damu, au mwanamume aliyelawitiwa kizuizini, tofauti hiyo ni kubwa. Wapo wanaoikimbia hospitali kwa sababu moja tu: hawawezi kuyatamka yale maneno mbele ya mtu, hasa mtu wa rika la wazazi wao. Katika EMDR mgonjwa anaweza kusema "nimeona kitu kibaya", mtaalamu akaitikia, na kazi ikaendelea. Picha anayo mwenyewe kichwani, na hapo ndipo inaposhughulikiwa.

Macho yanafanya nini?

Maelezo yenye ushahidi mwingi kwa sasa ni rahisi kuyafahamu. Akili ina sehemu inayoshika mambo tunayoyafanyia kazi kwa wakati huo, na nafasi yake ni finyu. Ukimtaka mtu ashike picha ya kutisha na papo hapo afuatilie kitu kinachokwenda kasi, kazi mbili zinagombania nafasi moja. Picha inakosa nguvu, rangi zake zinapauka, hisia zake zinapoa. Inaporudi kuhifadhiwa, huhifadhiwa ikiwa imepungua makali.

Wanasaikolojia wa Uingereza, akiwamo Alan Baddeley, walipima jambo hilo mwaka 1997. Baadaye Marcel van den Hout na Iris Engelhard wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walilichimba kwa miaka mingi na kukuta kwamba si macho pekee yanayoweza kazi hiyo. Shughuli nyingine zinazoichosha sehemu hiyo ya akili, kama kuhesabu kwa kurudi nyuma, nazo hupunguza makali ya kumbukumbu.

Maabara nyingine zimetazama ubongo wenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Uholanzi waliripoti kwamba mwendo wa macho huambatana na kupungua kwa shughuli katika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Korea Kusini ambamo panya waliofundishwa kuogopa sauti fulani walipunguza woga walipoonyeshwa taa inayohama huku na huku, na watafiti wakafuata njia ya neva inayounganisha macho na kituo cha hofu. Panya si binadamu, lakini utafiti huo uliwapa wanasayansi mahali pa kuanzia.

Kwa kuwa si macho pekee yanayoweza kazi hiyo, tiba hii haimwachi nyuma asiyeona. Badala ya vidole, mtaalamu huweza kumgusa viganja kwa zamu au kumpa sauti zinazopishana masikioni. Nairobi inaelewa umuhimu wa jambo hilo. Katika shambulio la ubalozi wa Marekani la Agosti 7, 1998, lililoua watu 213 mjini humo siku ileile Dar es Salaam nayo iliposhambuliwa, watu wengi walijeruhiwa macho kwa vioo. Walisikia mlipuko wa kwanza, wakakimbilia madirishani kutazama, na wa pili ukawakuta hapo.

Ubishi haujakwisha

Wapinzani wa EMDR si wajinga, na hoja yao inastahili kusikilizwa. Wanasema kilicho kizuri ndani yake si kipya: mtu anaikabili kumbukumbu yake akiwa mahali salama na mtu anayemwamini, jambo linalofanywa na tiba nyingine za kiwewe. Kilicho kipya, yaani macho, huenda hakiongezi kitu. Mwaka 2001 watafiti Davidson na Parker walikusanya tafiti zilizokuwapo na kukuta kwamba waliotibiwa kwa mwendo wa macho hawakuwazidi waliotibiwa bila huo.

Mwaka 2013 Lee na Cuijpers walirudia hesabu hiyo wakiwa na tafiti mpya, wakapata jibu tofauti: macho yanaongeza faida, ya wastani katika matibabu na kubwa zaidi katika majaribio ya maabara. Ipo pia hofu kuhusu ukweli wa kumbukumbu. Utafiti mmoja wa 2018 ulidokeza kwamba mwendo wa macho huweza kumfanya mtu apokee kwa urahisi maelezo ya uongo kuhusu alichokiona, ingawa waliojaribu kuurudia hawakupata matokeo hayo. Kwa mwenye kesi mahakamani, busara ni kuandikisha ushahidi wake kwanza na kumjulisha wakili wake kuhusu tiba.

Katika ubishi wote huo, jambo moja limesimama. Kama tiba nzima, pamoja na hatua zake nane, EMDR inasaidia. Uturuki, utafiti uliohusisha wakimbizi 70 wa Syria katika kambi ya Kilis uligundua kwamba waliopata EMDR walipungukiwa na dalili za PTSD na sonona kuliko waliokuwa wakisubiri zamu. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 unaipendekeza kwa watu wazima, isipokuwa pale kiwewe kinapotokana na vita, kwa kuwa ushahidi wake hapo haukutosha. Idara zinazohudumia wanajeshi wa Marekani, kwa upande wao, zinaiweka miongoni mwa tiba za mstari wa mbele. Lakini tafiti nyingi hazionyeshi kwamba inazipita kwa mbali tiba nyingine nzuri za kiwewe.

Hali ilivyo kwetu

Hitimisho hilo ni habari njema kwa Afrika Mashariki, kwa sababu tiba nyingine nzuri zimeshajaribiwa kwenye ardhi yetu. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia walihusishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Tiba ilikuwa ya kusimulia maisha kwa mpangilio, na iliyoitoa haikuwa timu ya madaktari bali watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Dalili zilipungua.

Mashariki mwa Kongo, wanawake 405 waliopitia ukatili wa kingono walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2013, na waliopata tiba ya kikundi ya kuchambua fikra zilizoachwa na kiwewe walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya, watoto 640 waliofiwa na wazazi walihusishwa katika utafiti wa mwaka 2020, ambao tiba yake ilitolewa na washauri wasio wanasaikolojia.

EMDR nayo ina njia za kufikia watu wengi kwa pamoja. Kimbunga Pauline kilipoipiga Acapulco, Mexico, mwaka 1997, wataalamu Lucina Artigas na Ignacio Jarero walikabiliwa na watoto wengi kuliko vidole vyao. Wakabuni "kumbatio la kipepeo": mtoto anapishanisha mikono kifuani na kujigonga mwenyewe kwa zamu, kushoto na kulia. Mbinu hiyo, aliyoonekana akiitumia Harry miaka mingi baadaye, ilizaliwa katika maafa ya maskini. EMDR ya kikundi imeshajaribiwa pia kwa wanawake walionajisiwa Kongo, kwa matokeo ya kutia moyo yaliyochapishwa mwaka 2015, ingawa washiriki walikuwa wachache.

Kikwazo ni kuifikia. Wataalamu waliofunzwa EMDR wapo Kenya, Uganda na kwingineko katika ukanda huu, lakini mafunzo hutolewa kwa wenye taaluma ya afya ya akili, nao wamejazana mijini, wengi katika kliniki za kulipia. WHO inasema katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni mtu mmoja tu kati ya wanne wenye PTSD anayesema amewahi kutafuta tiba yoyote. Waliobaki hunyamaza, hunywa, au hupewa vidonge vya usingizi. Kuhusu vidonge hivyo, mwongozo wa 2013 uko wazi: dawa za kundi la Valium zisitolewe kwa ajili ya dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza baada ya tukio.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuanza

Anayefikiria tiba hii aanzie hospitali yenye kitengo cha afya ya akili, apimwe kwanza. Si kila huzuni ni PTSD, na si kila asiyelala ana kiwewe. Akipata anayesema anatoa EMDR, amuulize mambo matatu. Taaluma yake ya msingi ni ipi, na amesajiliwa wapi? Mafunzo ya EMDR aliyapata wapi, na nani anayemsimamia? Atafanya nini iwapo mgonjwa atazidiwa katikati ya kipindi? Anayekasirikia maswali hayo, au anayeahidi uponyaji kwa kikao kimoja, si wa kumkabidhi akili yako.

Yupo ambaye hafai kuanza mara moja. Mke anayelala nyumba moja na mume anayempiga anahitaji usalama kabla ya kufuata vidole vya mtu. Mwenye kifafa, mwenye maumivu ya macho, au anayepoteza fahamu za mahali alipo anapokumbuka, amweleze mtaalamu mapema. Baada ya vipindi vya kwanza ndoto zinaweza kuzidi kidogo, na familia ijulishwe ili isishtuke.

Kufungua video mtandaoni na kujifanyia mwenyewe kumbukumbu nzito si jambo la kujaribu. Video itakupa mwendo wa macho, lakini haikupi maandalizi, haioni unapozidiwa, na haijui jinsi ya kukurudisha.

Serikali zetu nazo zina la kufanya, na halihitaji teknolojia kubwa. Nakivale, Moshi na Bungoma zimeonyesha kwamba mtu aliyefunzwa vizuri na kusimamiwa vizuri anaweza kutibu kiwewe hata kama si daktari. Tiba hizo ziingizwe katika vituo vya afya vya kata na madawati ya ukatili wa kijinsia, na EMDR ifundishwe kwa wauguzi na wanasaikolojia wa hospitali za mikoa na kaunti. Kwa msomaji mwenye ndugu anayepiga kelele usingizini tangu ajali, vita au shambulio, ushauri ni mmoja: usimwambie asahau. Mpeleke hospitali, uulizie tiba ya kiwewe iliyothibitika, na ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe.